Simu ya mapokezi isikatike wageni wakipakia video: mwongozo kamili wa kupanga foleni kwenye swichi

Tangu msimu wa wageni uanze, swali linalonijia ni lilelile. "Fundi, nimewasha QoS kwenye swichi, na sasa simu zimekuwa mbovu kuliko mwanzo." Mmoja aliuliza akiwa Shela, mwingine Mkomani, wa tatu Malindi. QoS ni mpango wa swichi wa kuamua data ipi ipite kwanza. Wote watatu walikuwa wameandika amri moja tu ya kuiwasha, `mls qos`, wakafunga kabati na kwenda zao. Siwacheki, maana hata mimi niliwahi kufanya hivyo, na dada wa mapokezi akaniambia mbele ya wageni kwamba mtandao wangu unamtia aibu.

Makosa ni mawili. La kwanza, amri hiyo peke yake inafuta alama ambazo simu huziweka kwenye pakiti (vipande vidogo vya data) za sauti. La pili ni kubwa zaidi: foleni haiko kwenye swichi. Swichi inatoa pakiti kwa megabiti 100 kwa sekunde kwenda kwenye laini ya megabiti 20, kwa hiyo kwake hakuna msongamano wowote. Msongamano uko mbele, ndani ya kisanduku cha mtoa huduma, na huko huna amri.

Mtu wa Lamu hahitaji kuchorewa. Punda kumi wa mchanga wakishaingia kichochoro cha nyuma ya Usita wa Mui, waliobeba mgonjwa kwenye machela watangoja mpaka punda wa mwisho atoke. Kumpisha mgonjwa pale gatini hakusaidii, kwa sababu gatini ni pana na hakuna aliyekwama. Anapishwa kwenye mdomo wa kichochoro, na lazima pawe na mtu wa kuzuia punda hapo. Kazi yetu yote ni kuifanya swichi iwe huo mdomo.

Mfano nitakaoutumia ni nyumba ya wageni yenye laini ya megabiti 20 kwenda na kurudi, simu sita za mezani za intaneti, kompyuta ya ofisi, mashine ya kadi, kinasa cha kamera kinachopeleka picha nje, na Wi-Fi ya wageni inayoshuka kutoka darini kwa kebo moja.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Swichi ya Cisco Catalyst 2960 yenye poti 24 za megabiti 100. Cisco haiiuzi tena, lakini ndiyo utakayoikuta imejaa kwenye maduka ya mitumba Nairobi na Mombasa. Iwe na programu ya LAN Base. Andika `show version` utafute neno LANBASE. Ukiona LANLITE, usiinunue kwa kazi hii.
- Kebo ya konsoli na laptopu yenye PuTTY au programu nyingine ya kuongea na konsoli. Usifanye kazi hii kupitia Wi-Fi ya nyumba hiyohiyo. Utajifungia nje.
- Laptopu yenye Linux kwa ajili ya kupima. Inaweza kuwa ileile.
- Kebo mbili fupi mpya. Hapa kwetu hewa ya chumvi inakula shaba ya vichwa vya kebo, na kebo iliyooza itakupa dalili zilezile za foleni mbovu. Usianze kazi ukiwa na shaka juu ya waya.
- Anwani ya IP ya seva ya simu, kutoka kwa kampuni inayokuuzia laini za simu. Waulize pia kama sauti yenyewe inatoka kwenye anwani hiyohiyo au nyingine. Mara nyingi ni nyingine.
- Saa mbili ambazo hakuna anayelipa kwa kadi. Baada ya saa nne usiku ni sawa.

Kama swichi yako ni ya kizazi kipya, mfano Catalyst 9200, mawazo ni haya haya lakini amri ni tofauti. Huko hakuna `mls qos`. Kila kitu kinafanywa kwa `policy-map`.

## Hatua ya 1: Pima laini, usiamini risiti

Chomeka laptopu kwa kebo moja kwa moja kwenye kisanduku cha mtoa huduma. Kama kisanduku kinakubali ruta yake tu, pimia kwenye ruta, lakini zima Wi-Fi kwanza na uchomoe vifaa vingine. Pima kupakua na kupakia mara tatu: baada ya alfajiri, alasiri, na baada ya isha wakati mji mzima uko mtandaoni.

Chukua namba ndogo kuliko zote, kisha upunguze asilimia 10. Kwenye mfano wetu ndogo ilikuwa 20, kwa hiyo tutafanya kazi na 18. Kama laini yako inauzwa ya 20 na usiku inashuka hadi 15, namba yako ni 13, hata kama risiti inasema nini.

Kwa nini kupunguza? Ukiweka 20 juu ya 20, kisanduku kitajaa kila laini inapoyumba kidogo, na foleni itarudi kule ambako huna amri. Mwenye nyumba atanung'unika kwamba unamnyima megabiti mbili alizolipia. Mwache anung'unike, utamwonyesha matokeo katika hatua ya 8.

Hapo hapo fungua ukurasa wa ruta uone inavyounganishwa na mtoa huduma. Ukikuta imewekewa jina na nywila za PPPoE, simama. Pakiti za PPPoE zimefungwa ndani ya bahasha nyingine, na swichi hii haioni alama zilizo ndani yake. Kwa laini ya namna hiyo, ubanaji wa kasi ufanyie kwenye ruta, na ubaki na hatua za 3 na 4 tu upande wa swichi. Nimeona watu wamepoteza siku mbili kwa kutotazama jambo hili.

## Hatua ya 2: Ipitishe laini ya nje ndani ya swichi

Watu wengi huchomeka kisanduku moja kwa moja kwenye ruta, na swichi inabaki nyuma ya ruta. Ikiwa hivyo, swichi haikai kwenye mdomo wa kichochoro. Tutailazimisha ikae hapo kwa kutenga poti mbili za mwisho kwenye mtandao wao wenyewe, VLAN 99.

Kebo ziende hivi (Fa0/23 maana yake poti ya 23 ya swichi, na nyingine vivyo hivyo):

- kisanduku cha mtoa huduma kwenda Fa0/23
- Fa0/24 kwenda poti ya nje ya ruta
- poti ya ndani ya ruta kwenda Fa0/1
- simu kwenye Fa0/2 hadi Fa0/7
- kebo ya Wi-Fi ya wageni kwenye Fa0/8
- kamera kwenye Fa0/12
- ofisi na mashine ya kadi kwenye Fa0/13 na Fa0/14

Amri:

```
configure terminal
vlan 10
 name NDANI
vlan 99
 name NJE
interface range fastEthernet 0/1 - 22
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
interface range fastEthernet 0/23 - 24
 switchport mode access
 switchport access vlan 99
 no cdp enable
end
```

Sasa pakiti inayotoka nje inaingia Fa0/23 na kutoka Fa0/24 kwenda kwenye ruta. Inayokwenda nje inapita njia hiyohiyo kinyumenyume. Kila upande una mlango wa kutokea ambao unaweza kuubana: Fa0/23 kwa kupakia, Fa0/24 kwa kupakua.

Onyo moja, na ulishike: usiipe swichi anwani ya IP ndani ya VLAN 99. Anwani ya kuisimamia iwe VLAN 10 peke yake. VLAN 99 ni barabarani, na ukiweka mlango wa kuingilia swichi huko, dunia nzima itaubisha.

Ukimaliza, `show vlan brief` ionyeshe Fa0/23 na Fa0/24 chini ya 99, na intaneti iwe ileile ya jana, si bora wala mbaya. Ikiwa imekufa, zima kisanduku na ruta kwa dakika moja uviwashe tena. Kisanduku huwa kinakumbuka kifaa kilichokuwa kimechomekwa.

## Hatua ya 3: Amua nani apite kwanza, na uandike karatasini

Swichi ina foleni nne za kutokea kwenye kila poti. Alama inayoipeleka pakiti kwenye foleni yake inaitwa DSCP, namba kati ya 0 na 63 iliyoandikwa kwenye kichwa cha pakiti.

| Nani | Alama | Foleni |
|---|---|---|
| Sauti ya simu | 46 | 1 |
| Wageni na mengine yote | 0 | 2 |
| Ofisi na mashine ya kadi | 18 | 3 |
| Kamera zinazopeleka picha nje | 8 | 4 |

Kuna wanaoogopa kwamba kuipa sauti foleni ya kwanza kutawanyima wageni. Piga hesabu. Simu moja ya G.711, namna ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data, inatoa pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Ukiongeza vichwa vya IP na vya Ethernet unafika kama kilobiti 87 kwa sekunde. Simu sita zote zikiwa hewani kwa mpigo hazifiki megabiti 0.6. Mgonjwa na machela yake hawazidi hatua tatu za kichochoro. Tatizo ni punda.

Usiongeze kundi la tano. Usimpe mwenye nyumba foleni ya kwanza kwa sababu ni mwenye nyumba. Kila anayeongezwa kwenye foleni hiyo anaipunguzia maana, na siku kompyuta yake itakapoanza kupakua filamu, simu zitakuwa nyuma ya filamu.

## Hatua ya 4: Amini panapostahili kuaminiwa

Ukishawasha QoS, swichi hii haiamini mtu. Kila pakiti inayoingia inafutwa alama na kuandikwa 0, isipokuwa umeiambia poti iamini. Hapa ndipo walipoangukia wale watatu niliowataja. Simu zao zilikuwa zinaandika 46 vizuri kabisa, na swichi ilikuwa inaifuta.

```
configure terminal
interface range fastEthernet 0/1 - 7
 mls qos trust dscp
interface fastEthernet 0/24
 mls qos trust dscp
end
```

Fa0/2 hadi 7 ni simu. Fa0/1 ni ya pakiti zinazorudi kutoka kwenye ruta. Fa0/24 ndiyo inayosahaulika na kila mtu: sauti ikishatoka kwenye ruta kwenda nje, inaingia swichi kwa mara ya pili kupitia poti hiyo. Usipoiamini, alama inafutwa hatua moja kabla ya foleni iliyokusudiwa, na utakesha ukitafuta kosa kwenye simu.

Fa0/23 usiiamini kamwe. Nje mtu anaweza kuandika alama yoyote. Fa0/8 ya wageni nayo iache kama ilivyo. Kompyuta ya mgeni ikijiandikia 46, swichi itaifuta, na ndivyo tunavyotaka.

Fungua ukurasa wa kila simu uhakikishe sauti imewekewa 46. Simu nyingine huandika 184 au 0xB8 mahali hapo. Usishtuke wala usibadilishe, ni alama ileile iliyosomwa kwa kipimo kingine. Na kama kuna kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu, ihamishie kwenye poti yake, la sivyo nayo itaaminiwa kwa mgongo wa simu.

## Hatua ya 5: Bana kasi na upange foleni

Hii ndiyo roho ya kazi. Soma maelezo kabla ya kubandika.

```
configure terminal
mls qos srr-queue output dscp-map queue 4 threshold 1 8
interface range fastEthernet 0/23 - 24
 priority-queue out
 srr-queue bandwidth shape 0 0 0 0
 srr-queue bandwidth share 1 40 50 10
 srr-queue bandwidth limit 18
interface fastEthernet 0/8
 srr-queue bandwidth limit 12
end
```

Mstari wa ramani. Alama 46 tayari huenda foleni ya 1, na 18 huenda foleni ya 3, bila wewe kufanya kitu. Lakini 8 huenda foleni ya 2 pamoja na wageni, kwa hiyo tunaihamisha hadi ya 4.

`priority-queue out`. Foleni ya 1 inahudumiwa kwanza mpaka iwe tupu, ndipo nyingine ziguswe.

`shape`. Mtego mkubwa kuliko yote kwenye swichi hii. Namba hapa inasomwa kinyume. Ukiandika 50 ukidhani ni asilimia 50, umeipa foleni hiyo sehemu moja ya hamsini ya poti, yaani asilimia 2, na haitapata zaidi hata kama poti iko tupu. Swichi inapotoka kiwandani foleni ya 1 ina 25, ambayo ni asilimia 4. Ninaweka 0 kote ili ubanaji wa foleni mojamoja uzimike na tubaki na mgao.

`share`. Huu ni mgao wa kawaida, unasomwa kama unavyoonekana. Wageni 40, ofisi 50, kamera 10. Ile 1 ya mwanzo haitumiki kwa sababu foleni ya kwanza imeshapewa kipaumbele. Foleni ikiwa tupu, wengine wanatumia nafasi yake, kwa hiyo usiku ofisi ikifungwa wageni hawakosi kitu.

`limit 18`. Asilimia 18 ya poti ya megabiti 100, yaani 18. Inakubali 10 hadi 90 tu, na swichi yenyewe hukadiria kwa hatua za sita sita, kwa hiyo utakachopata si lazima kiwe 18 kamili. Tutakisoma katika hatua ya 7.

Laini yako iko chini ya megabiti 10? Shusha poti hizo mbili ziwe `speed 10`, kisha namba iwe asilimia ya 10; kwa laini ya 8, jaribu `limit 70`. Lakini ukilazimisha kasi na `duplex full` upande mmoja, lazimisha hivyohivyo upande wa pili. Mmoja akilazimishwa na mwingine akiachwa ajichagulie, aliyeachwa huangukia nusu-dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu badala ya kwa pamoja, na makosa yatajaa kama sisimizi kwenye sukari. Kama kisanduku cha mtoa huduma hakikuruhusu kubadilisha, acha dupleksi ijichagulie.

`limit 12` kwenye Fa0/8 ina kisa chake. Upande wa kupakua, pakiti zinapoingia Fa0/23 zote zina anwani moja, ile ya ruta. Swichi haiwezi kujua hii ni ya mgeni na ile ni ya ofisi. Kwa hiyo wageni tunawabania kule mwisho, kwenye kebo inayopanda darini. Wakiwa wamefungwa kwenye 12, zinabaki 6 za ofisi na simu. Si njia ya kupendeza, lakini ndiyo swichi inayoiweza.

## Hatua ya 6: Sasa washa

Nimeliacha hili hadi mwisho makusudi. Ukianza nalo, simu zote zinapoteza alama kwa muda wote unaoandika mengine. Andika yote kwenye Notepad, badilisha anwani ya mfano 203.0.113.10 iwe ya seva yako ya simu, kisha bandika kwa mpigo:

```
configure terminal
mls qos
ip access-list extended SAUTI
 permit udp host 203.0.113.10 any
ip access-list extended KILA-KITU
 permit ip any any
class-map match-all SAUTI-NJE
 match access-group name SAUTI
class-map match-all ZOTE
 match access-group name KILA-KITU
policy-map KUTOKA-NJE
 class SAUTI-NJE
  set dscp 46
policy-map OFISI
 class ZOTE
  set dscp 18
policy-map KAMERA
 class ZOTE
  set dscp 8
interface fastEthernet 0/23
 service-policy input KUTOKA-NJE
interface range fastEthernet 0/13 - 14
 service-policy input OFISI
interface fastEthernet 0/12
 service-policy input KAMERA
end
```

Sauti inayorudi kutoka nje haina alama ya kuaminika, kwa hiyo tunaitambua kwa anwani ya seva na kuiandikia 46 sisi wenyewe. Kama kampuni ya simu imekupa anwani tatu, andika mistari mitatu ya `permit`. Ukikosa moja, utasikia mambo ya ajabu: wewe unasikika vizuri, lakini mwenzako anakatika kwako.

## Hatua ya 7: Iulize swichi, usijipe moyo

`show mls qos` iseme QoS imewashwa.

`show mls qos interface fastEthernet 0/23 queueing` ionyeshe foleni ya kipaumbele imewashwa, mgao wako, na kasi halisi baada ya swichi kukadiria. Hiyo halisi ikizidi namba ya hatua ya 1, shusha `limit` kwa moja moja mpaka iwe chini.

`show mls qos interface fastEthernet 0/23 statistics` ndiyo ninayoipenda. Piga simu, zungumza dakika moja, kisha angalia hesabu ya pakiti za foleni ya sauti. Lazima iwe imepanda. Tahadhari: kwenye amri za kuandika foleni zinahesabiwa 1 hadi 4, lakini kwenye ripoti hii zinahesabiwa 0 hadi 3. Foleni 0 unayoiona ndiyo foleni 1 uliyoandika. Nilishawahi kufumua kazi nzima iliyokuwa sahihi kwa kutojua hilo.

Ikiwa foleni 0 haisogei, alama inapotea njiani. Rudi hatua ya 4, anza na Fa0/24. Ikiwa Fa0/24 inaaminiwa na bado haisogei, ruta yako ndiyo inayofuta alama. Tafuta mpangilio wake wa QoS uuzime.

Utaona pia pakiti zilizotupwa kwenye foleni za wageni na kamera. Usihangaike kuzimaliza. Ni kwa kutupiwa pakiti ndipo kompyuta inayotuma inajua ipunguze mwendo. Pakiti zisizotakiwa kutupwa ni za foleni 0 tu. Wageni wakilalamika kwamba kurasa zinakwamakwama, waongezee akiba ya kumbukumbu, maana swichi huigawa sawasawa, robo kwa kila foleni:

```
mls qos queue-set output 1 buffers 15 40 30 15
```

Jumla iwe 100.

## Hatua ya 8: Jaribio la kumwonyesha mwenye nyumba

Chomeka laptopu ya Linux kwenye poti ya simu, mfano Fa0/7, kwa sababu hiyo inaaminiwa. Fungua madirisha mawili ya `ping`, amri inayopima pakiti inachukua muda gani kwenda na kurudi:

```
ping 8.8.8.8
ping -Q 184 8.8.8.8
```

La kwanza ni pakiti za kawaida, la pili zimebeba alama ya sauti. Ziache dakika moja laini ikiwa tulivu uandike namba. Kisha mwambie mwenzako aliye kwenye Wi-Fi ya wageni apakie faili kubwa la video kwenda mtandaoni. Awe anapakia tu, asipakue, maana majibu ya ping hurudi bila alama na yatakuchanganya.

Kazi ikiwa nzuri, dirisha la kwanza litapanda au kupoteza pakiti, na la pili litabaki karibu na pale lilipokuwa. Madirisha yote yakipanda pamoja, foleni bado iko kwenye kisanduku: shusha `limit`. Yote yakibaki chini, video ya mwenzako haijajaza laini bado, ongeza wapakiaji.

Halafu piga simu ya kweli, video ikiendelea. Mapendekezo ya kimataifa ya G.114 yanataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, lakini sikio la mapokezi ndilo hakimu. Mkabidhi mkono wa simu, nyamaza, msikilize anavyoongea. Asiposema "halo, halo, unanipata?", umefaulu.

## Hatua ya 9: Hifadhi kabla ya kufunga kabati

```
copy running-config startup-config
```

Umeme wa hapa unaujua. Usipohifadhi, ukikatika usiku, asubuhi swichi itaamka imesahau kila kitu, ikiwemo VLAN ya poti zake, na nyumba nzima itakuwa gizani kimtandao. Nilipigiwa simu ya namna hiyo nikiwa kwenye mashua natoka Mokowe. Hifadhi, kisha chomoa waya wa umeme wa swichi wewe mwenyewe, uirudishe, usubiri iamke, na urudie jaribio la hatua ya 8 kwa haraka.

Chukua tepu nyeupe, ibandike juu ya swichi na uandike: laini 20, limit 18, wageni 12, pamoja na tarehe. Kuna mteja aliyepandisha laini yake hadi 50 akalipa miezi miwili akilalamika kwamba mtoa huduma ni mwizi. Mtoa huduma hakuwa na kosa. Ile 18 yangu ilikuwa bado iko kwenye Fa0/23 na Fa0/24, na hakuna aliyeikumbuka, hata mimi. Laini ikibadilika, rudi hatua ya 1, pima upya, badilisha namba kwenye poti zote tatu, kisha ubadilishe na tepu.